Mzigo wa Kutupa

Kazi yangu ni kuuzuia umeme usizidi. Nikiwaambia hivyo majirani zangu wa Gitothua wanacheka, kwa sababu huku kwetu malalamiko ya umeme ni ya upande mwingine: umepotea, umepungua, umerudi kwa fujo ukaondoka na televisheni ya mtu. Hakuna aliyewahi kugonga mlango wangu kulalamika kwamba umeme umekuwa mwingi. Lakini huko ninakopeleka kazi zangu, mbali sana kaskazini, ambako nguzo hazijafika na sioni dalili kwamba zitafika nikiwa hai, umeme unatokana na upepo, na upepo hauna kiasi.

Nafanyia kazi Kamenu, Thika, kwenye banda la mabati lililopakana na kinu cha posho. Tuko wawili. Mwenzangu ni mchomeleaji, mtu mwenye mvi na maneno mengi, ambaye anachonga mapanga ya kuzungushwa na upepo kwa mbao za saiprasi na kusafiri kwenda kuisimamisha milingoti. Mimi nasuka koili za shaba za jenereta na kutengeneza kontrola zinazousimamia umeme. Kusuka nilijifunza katika kiwanda cha nguo hapa hapa mjini, nikirudishia uhai mota zilizoungua, mpaka mashine zikapunguzwa na sisi tukapunguzwa pamoja nazo. Sikulia. Nilichukua koleo zangu nikatoka getini.

Sijawahi kufika kunakofungwa vitu vyangu. Thika haina upepo wa maana, kwa hiyo tunajaribu jenereta zetu kwa kuzizungusha na mota ya mashine kuukuu ya kutobolea vyuma. Upepo wenyewe naujua kwa simu. Mtu anaposimama nje na kunipigia, nausikia ukipiga kwenye simu yake, na kwa sauti hiyo nakadiria mengi, ingawa mwenzangu anasema najidai tu.

Jambo ambalo watu hawalielewi haraka ni hili. Paneli ya jua ukiikatia waya, inakaa kimya na jua lake. Panga la upepo ukilikatia waya wakati upepo ni mkali, umeliondolea kitu pekee kilichokuwa kikilizuia, nalo litazunguka kwa kasi mpaka lijivunje. Lazima kila wakati libebe kitu. Kwa hiyo betri zikijaa, kontrola inauhamisha umeme wa ziada na kuupeleka kwenye kisanduku chenye koili nene, kama zile za jiko la umeme, ambazo hazina kazi nyingine ila kupata moto na kuuachia hewani. Ndiyo sababu nina sheria moja niliyojiwekea tangu kazi ya kwanza. Siku ya tatu baada ya kufunga chochote, napiga simu na kuuliza: kina moto? Kikiwa na moto, nalala. Betri zimejaa, panga linazunguka, na kisanduku ni baridi, basi kuna kitu kimeharibika hata kama taa zote zinawaka.

Kisanduku hicho kina jina la Kiingereza, dump load, ambalo mafundi wote wanalitumia, nami silipendi. Wakati mmoja tulipeleka mtambo wenye maandishi ya Kiingereza, na watu wa huko wakafunga nyaya za betri mahali pa nyaya za panga. Nilikasirika siku nzima. Nikasema kuanzia sasa kila kitu kinachotoka katika banda hili kitaandikwa Kiswahili, kwa rangi nyeupe, kwa mkono wangu.

“Wee, utaandika kile Kiswahili cha redio mpaka watu wapotee kabisa,” mwenzangu aliniambia. “Hiyo rebo yako nani ataisoma?”

“Lebo.”

“Si ndiyo nimesema? Rebo.”

Nilijivunia maandishi yangu. Sisi wa Thika tunatumia Kiswahili kama panga la jikoni, kukata kila kitu bila kukinoa, na mimi nilitaka kuonyesha kwamba kinaweza kufanya kazi ya ufundi. Lile jina la Kiingereza nilikuwa nimelitafsiri neno kwa neno, nikaona limekaa vizuri.

Miongoni mwa watu waliokuwa wakitumia mitambo yetu kulikuwa na muuguzi mmoja aliyesimamia zahanati peke yake, yeye na mlinzi. Mimi nilimwita sista, yeye akaniita mama fundi. Umeme wa panga letu ulikuwa wa taa za chumba cha kujifungulia na wa friji ya chanjo, na friji ndiyo ilikuwa roho ya zahanati. Kina mama walitembea na watoto mgongoni, wengine siku mbili, wakiijia siku moja ya chanjo katika mwezi.

Msimu mmoja wa upepo mkali koili za zamani za kile kisanduku ziliungua na kuiharibu kontrola. Nilimwambia sista afunge breki ya panga, na friji ikabaki inabebwa kwa shida na paneli moja ya jua iliyokuwa juu ya paa. Nikatengeneza kontrola mpya. Koili nazo nikazibadilisha umbo, nikazipanga ndani ya kizimba cha chuma chenye wavu, kipana zaidi ili zipumue. Ukikiangalia hakikufanana hata kidogo na cha zamani. Kwenye kontrola niliandika KONTROLA MPYA, FUNGA UKUTANI. Kwenye kizimba niliandika kwa herufi kubwa MZIGO WA KUTUPA. Vikapakiwa kwenye lori vikaenda. Mwenzangu alikuwa na kazi nyingine, na kwa kuwa mlinzi wa zahanati alimsaidia kufunga nyaya mara ya kwanza, tulikubaliana kwamba angeweza.

Nilipiga simu asubuhi ya Alhamisi.

“Sista, habari ya huko?”

“Nzuri, mama fundi. Vitu vimefika.”

“Kontrola mmefunga?”

“Tumefunga. Ile taa ya kijani inawaka.”

“Na mzigo wa kutupa?”

“Huo pia tayari.”

“Sawa. Fungueni breki basi.”

Nakumbuka kwamba nilikuwa na haraka. Mwenzangu alikuwa amekata shaba yangu bila kuniuliza, na nilitaka kumaliza simu nirudi kumgombeza. Nilimgombeza vizuri, na ile shaba ilikuwa na upungufu wa mita mbili. Jumamosi, ambayo ilikuwa siku ya tatu, nilishinda Gitothua nikifua.

Jumatatu mchana sista alinipigia. Alikuwa ametoka kwenye vijiji vya wafugaji, alikokwenda Ijumaa kupima uzito wa watoto, na ndio kwanza alikuwa ameingia zahanati.

“Mama fundi, friji imezima. Na betri zinachemka, zinanuka kama mayai viza. Na hii panga iko na sauti sijawahi kusikia.”

Niliisikia mimi pia. Ilikuwa juu zaidi ya sauti ya upepo, ikipanda na kushuka.

“Inveta iko na taa gani?”

“Nyekundu.”

Nikaelewa nusu. Inveta ndiyo inayougeuza umeme wa betri uwe wa kutumiwa na friji, na ikiona umeme umezidi inajifunga na kungoja mtu aje aifungue. Friji ilikuwa imezimwa na wingi wa umeme. Ilizima lini, hakuna aliyejua, maana mlinzi alikuwa anaona panga linazunguka na akajua mambo ni sawa.

“Gusa mzigo wa kutupa. Kina moto?”

“Nini?”

“Ule mzigo wa kutupa, sista, niliotuma!”

“Tuliutupa.”

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia arudie.

“Si uliandika wa kutupa? Tuliutupa kwa shimo la takataka. Alhamisi nilikuambia tayari.”

Hapa sina la kujisifia. Nilimpigia kelele mwanamke aliyekuwa amesimama katika chumba chenye mvuke wa tindikali. Nilimwuliza kama mtu mwenye akili anaweza kuamini kwamba watu wa Thika watapakia chuma kwenye lori, kivuke nchi, ili kikatupwe. Alinisubiri nimalize. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba walijiuliza hivyo hivyo, wakaona pengine ni uzito wa kuzuia kontrola isiruke njiani.

Sikumruhusu avute breki, kwa sababu kwa kasi ile breki ingeziunguza koili za jenereta kule juu ya mlingoti na panga lingebaki halina kizuizi chochote. Mlinzi aliingia shimoni. Takataka za zahanati huchomwa, na kizimba changu kilikuwa kimechomwa pamoja nazo. Lakini kilikuwa kitu cha kuzaliwa motoni. Rangi tu ndiyo iliyobabuka, na vipande vya waya wa kuungia vikayeyuka plastiki yake. Sista alivikwangua kwa wembe wa upasuaji. Nikamwelekeza ashushe swichi ya pembeni kwanza, kisha waya huu hapa, na ule pale, kaza, kaza tena, pandisha swichi. Mwenzangu alikuwa amesimama karibu yangu na kofia ya kuchomelea mkononi.

Ile sauti ilishuka. Niliisikia ikishuka mpaka ukabaki upepo peke yake.

“Kina moto,” sista alisema. Na baada ya kidogo, “Sasa wacha nione friji.”

Kila kichupa cha chanjo kina alama ndogo, mraba ndani ya duara. Kikipata joto, mraba unaanza kubadilika rangi, na ukifanana na duara kichupa hicho hakitumiwi tena. Sista aliviangalia kimoja kimoja, simu ikiwa wazi juu ya meza. Nilimsikia akiviweka mezani, upande huu, upande huu, upande ule. Vilivyopona vilikuwa vichache. Siku ya chanjo ilikuwa kesho yake, na kina mama wa mbali walikuwa wameshafika, wameketi nje kwenye kivuli cha ukuta.

“Itabidi nitupe,” alisema. Nadhani neno lile lilitufikia sote wawili kwa wakati mmoja.

Kisha akaniambia, “Mama fundi, kwangu hapa nikisoma tupa, natupa. Sindano imeandikwa itupwe, nikianza kufikiria pengine huyu aliandika vibaya, nitamdunga mtu nayo. Sisi hatubishani na maandishi.”

Chanjo zikiharibika, muuguzi anaandika ripoti, na ripoti inataka sababu. Alisema kwamba hao wa ofisi ya afya wakisoma kwamba alitupa kifaa cha umeme shimoni na kukichoma moto, watamhamisha, na kama watakuwa wamekasirika watafanya zaidi ya kumhamisha. Hakuniomba kitu. Aliniambia tu jinsi ilivyo, tukaagana.

Kesho yake nilimwambia mwenzangu kwamba nitaandika barua, nieleze kuwa kosa ni la maandishi yangu. Wakati huo tulikuwa tunangoja jibu la ofisi ile ile kuhusu milingoti mingine mitatu.

“Ukiandika hivyo hatutaiona hiyo kazi,” alisema. “Andika kulikuwa na misunderstanding. Misunderstanding haina mwenyewe.”

“Hii ina mwenyewe.”

“Ngai! Wewe na Kiswahili chako.”

Niliandika. Nilieleza neno nililolitumia, na jinsi msomaji yeyote mwenye akili timamu angelielewa, na kwamba muuguzi alifanya alichoagizwa. Barua iliaminiwa. Sista hakuhamishwa. Ile milingoti mitatu ikapewa watu wengine, na mwenzangu hakunisemesha kwa wiki nzima ila kwa mambo ya shaba, kisha siku moja nikafika kazini nikakuta ameandika kwa chaki juu ya pipa la taka MZIGO WA KUTUPA, nikajua amenisamehe.

Tangu hapo kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, Kamenu na Gitothua, arusini na matangani, na watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Nakisimulia vizuri. Najua pa kunyamaza kabla ya “tuliutupa”.

Mwaka uliofuata sista alikuja Thika kwa mafunzo ya siku tano, na siku ya mwisho akatutembelea bandani. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, kiumbo na kiumri. Mwenzangu alimletea kiti kizuri, kile kisichoyumba, na chai, na akamwonyesha mapanga yake kana kwamba anauza. Alipotoka kwenda kuleta mandazi, sista akaniambia habari za mlinzi.

“Yeye alikataa. Alisema haujaandikwa tuutupe. Alisema ni mzigo wa kutupa sisi, kama zawadi. Wametupa mzigo. Alibishana na mimi jioni yote.”

Nilicheka kweli kweli. Sikuwa nimewahi kuliona neno langu kwa upande huo, nami nilidhani nakijua Kiswahili.

“Alikuwa ameshautoa shimoni mara moja,” aliendelea. “Ijumaa asubuhi, kabla sijaenda. Takataka zilikuwa bado hazijachomwa. Akasema huu unafanana na kazi ya jiko.”

“Jiko gani?”

“Ile ya zamani. Sisi tuliita jiko. Tuliota moto hapo.”

Hakuna aliyeniambia waliita jiko, nami sikuwa nimeuliza.

“Basi nikamwambia tungoje Jumamosi. Kwa sababu ile mara ya kwanza, mlipofunga, ulipiga simu siku ya tatu ukauliza, kina moto? Nikamwambia, kama huu mzigo ni jiko, mama fundi atauliza. Nilikuwa huko vijijini lakini simu ilikuwa na network siku nzima. Hukupiga. Jioni nikapigia mlinzi, nikamwambia arudishe shimoni, achome.”

Alisema hivyo huku akipuliza chai. Hakukuwa na lawama ndani yake, na ningependa iwepo, kwa sababu lawama ningejua pa kuiweka. Katika barua yangu nilikuwa nimeeleza habari ya maandishi tu. Habari ya simu ambayo sikuipiga, kwa sababu nilikuwa nafua na bado nimenuna kwa ajili ya mita mbili za shaba, sikuiandika, wala sijawahi kuitia katika kisa ninachowachekesha nacho watu. Yeye aliijua mwaka mzima, na hakuitia katika ripoti yake.

“Ningeuliza,” nilimwambia. “Ni kazi yangu kuuliza. Nilisahau.”

“Najua,” alisema.

Nikamwuliza kuhusu wale kina mama waliokuwa wameketi kivulini. Alisema aliwarudisha nyumbani siku ile, na mwezi uliofuata chanjo zilipokuja walirudi wote, isipokuwa mmoja.

“Na huyo mmoja?”

“Sijui. Watu wake walihama na mifugo. Nimeuliza kila mahali.” Akaweka kikombe chini. “Alikuwa na msichana wa miezi mitatu.”

Mezani palikuwa na kizimba kipya, hakijaandikwa. Tangu yale yatokee nilikuwa naviacha bila maandishi, na kueleza kila kitu kwa simu. Aliuliza mbona hakina jina, nikamwambia naogopa. Alichukua kalamu yangu ya rangi nyeupe, akafikiri, akaandika kwa mwandiko wa hospitali ambao nilipata shida kuusoma: JIKO. GUSA. BETRI ZIKIJAA LAZIMA LIWE NA MOTO.

Ndivyo ninavyoandika sasa juu ya kila kimoja. Sista naye, siku za upepo mkali, hangoji nimpigie. Simu inaita nikiwa Kamenu au nikiwa nyumbani Gitothua, nasikia upepo kwanza, kisha yeye: “Liko na moto, mama fundi.” Kila mara nataka kumwuliza kama yule msichana ameonekana, na kila mara namwuliza habari za betri.